Kutwika na Kutua

Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa kilo 4 na nusu hadi 5 hivi. Ndoo ya lita 20 ikijaa ni kilo 20 za maji, na plastiki yenyewe bado haijahesabiwa. Mwanamke anayekatiza vichochoro vya Chikongola asubuhi na ndoo ya namna hiyo utosini ameitwika shingo yake mara nne ya mzigo iliozaliwa nao, na bado anakwenda akimsimulia mwenzake mambo ya harusi ya juzi, mkono mmoja umeshika pindo la khanga, mwingine uko huru unaisaidia hadithi. Ndoo haiguswi. Maji hayamwagiki. Mchanga wa Mtwara, unaomchosha hata asiye na mzigo, anaupita kwa hatua fupi zisizo na papara.

Kwetu ni jambo la kila siku mno, na la kila siku halitazamwi. Wageni hulipiga picha, wakasema lina madaha, wakaenda zao. Wagombea hulitaja wakati wa kampeni kuwa ni adha ya kukomeshwa, nao wakaenda zao. Mimi nataka kulitazama kama ufundi, maana lina vifaa vyake, hatua zake, wanagenzi wake na makosa yake ya kawaida, na wapo wanaoliweza kuliko wengine. Sehemu kubwa ya ufundi huo haionekani. Imejificha kati ya kisogo na mabega, mahali ambapo wengi wetu hatupakumbuki mpaka tuamke asubuhi shingo imekataa kugeuka.

Kazi huanzia kwenye ngata, ambayo wengine huiita kata. Khanga kuukuu hushikwa ncha mbili, ikasokotwa mpaka ikaze, ikazungushwa kiganjani iwe duara, kisha ncha ya mwisho ikapenyezwa chini isije ikafumuka. Shambani, ambako khanga haipatikani kirahisi, majani makavu ya mgomba au nyasi hutosha. Kipimo ni jicho. Ngata pana mno huuacha mzigo ukielea. Ndogo mno huacha kitako cha ndoo kiutafute mfupa. Tundu la katikati lina kazi, kwa sababu utosi wa mtu si bapa. Fuvu limepinda juu, na bila ngata uzito wote ungesimama pale mpindo ulipofikia kilele. Duara hueneza uzito pembeni, ukagawanywa kwenye mifupa miwili mipana inayokutana katikati ya kichwa kwa meno yaliyoshikana. Kwa mtoto mchanga mshono huo bado haujafunga, na mbele yake ndipo penye utosi laini unaopigapiga, ambao mama huupaka mafuta na kuukinga na upepo. Utosi huo laini hufunga kabla au karibu ya kutimiza miaka miwili. Mifupa ya kichwa na uso ni 22 kwa jumla, na ukiacha taya la chini, yote imefungamana isiweze kutembea. Hapo juu basi hapana shida. Fuvu ni jengo imara. Shida iko chini yake.

Kilo 20 aliyezoea hujitwika mwenyewe. Huchuchumaa, akaipandisha ndoo gotini, kutoka gotini ikaja kifuani, halafu kwa msukumo mmoja wa miguu, wala si wa mikono, ndoo inapanda huku kichwa kikishuka kidogo kuipokea. Ikizidi hapo jirani anaitwa: "Nitwike, dada." Anayeitwa haulizi la zaidi, anaacha alichoshika. Lakini mtwikaji ana kazi ya kuinua tu. Mzigo ukae wapi ni uamuzi wa mwenye kichwa, na hicho ndicho kitambo ninachokipenda kuliko vyote. Mzigo umeshapanda, mtwikaji ameshaondoa mikono, na mbebaji hajaondoka. Anausogeza kwa vidole, nyuma kidogo, kushoto kidogo, macho yametazama mbele bila kutazama kitu. Kisha vidole vinaachia, na miguu inaanza.

Alichokuwa akikitafuta ni mstari. Chini ya ngata, uzito hushuka kwenye kuta za fuvu, ukauzunguka ubongo bila kuugusa, ukakusanyika tena kwenye sakafu ya fuvu, pale penye tundu kubwa linalopitisha ugwemgongo. Kandokando ya tundu hilo kuna vifundo viwili vya mfupa, vidogo kiasi cha kufunikwa na ncha za vidole gumba. Kichwa chote, na kila kilichotwikwa juu yake, kimeketi juu ya vifundo hivyo viwili.

Navyo vimeketi ndani ya vijibakuli viwili vya pingili ya kwanza ya shingo. Pingili hii haina kiwiliwili kama nyingine; ni pete tu. Kazi yake kubwa ni kukiruhusu kichwa kiinamie mbele na kirudi nyuma, mwendo wa mtu anayekubali jambo. Pingili ya pili ina kigingi kinachosimama wima na kuingia ndani ya pete ile, na kano ngumu hupita nyuma ya kigingi kukizuia kisije kikaubana ugwemgongo. Pete huzunguka kigingi, na hapo ndipo mtu anapotikisa kichwa kukataa. Karibu nusu ya mzunguko wote wa shingo hutoka kwenye kiungo hiki kimoja. Sasa tazama: baina ya fuvu na pingili ya kwanza, na baina ya hiyo na ya pili, hakuna kisahani cha gegedu cha kupokea mshindo. Visahani vinaanzia chini ya pingili ya pili, vikashuka hadi chini ya ya saba, ile inayotokeza ukosini mtu akiinama. Pingili saba tu. Twiga wa Mikumi, kwa urefu wake wote, naye ana saba.

Kwa hiyo sehemu ya juu kabisa ya shingo, inayopokea mzigo mwanzo, ndiyo yenye uhuru mwingi kuliko zote na kinga chache kuliko zote. Mhandisi wa madaraja angeukataa mchoro huo asubuhi hiyohiyo. Mwanamke wa Chikongola hakuchora, amekuta, na anautumia hivyohivyo.

Tena kichwa chenyewe, bila mzigo wowote, hakijakaa sawasawa. Uzito wake umeelemea mbele ya vile vifundo viwili, upande wa uso na mataya. Panda basi la Dar es Salaam utaona: abiria akipitiwa na usingizi kidevu humwangukia kifuani, kwa sababu misuli ya ukosi imelegea. Mtu akiwa macho, misuli hiyo inavuta nyuma kutwa nzima na mwenyewe hana habari. Mbebaji mjuzi hujipatia nafuu papo hapo. Akiisogeza ndoo nyuma kidogo ya kilele cha utosi, uzito unapita moja kwa moja juu ya vifundo, na misuli ya ukosi haiongezewi la kuvuta. Akiiacha imeegemea kipajini, shingo italipa kwa kila hatua mpaka mlangoni. Tofauti ya sehemu hizo mbili ni upana wa vidole viwili vitatu, na ndiyo inayoamua kama atafika akiimba au akihema.

Lile tundu kuwa chini ya fuvu, badala ya kuwa nyuma kama la mbuzi, ni alama ya kiumbe anayesimama wima. Fuvu la Zinjanthropus, aliloliona Mary Leakey kule Olduvai Julai 1959, lina umri wa miaka milioni 1.75 hivi na tundu lake limeshasogea mbele. Kwa juu lakini lina ukingo wa mfupa uliosimama katikati ya utosi, wa kushikia misuli mikubwa ya kutafunia. Mwenye kichwa kile angehitaji ngata nene.

Misuli ya shingo iliyo mikubwa ni rahisi kuiona. Mmoja unatoka kwenye mfupa ulio nyuma ya sikio na kushuka kwa mshazari hadi kidarini na kwenye mtulinga. Geuza uso kulia, wa kushoto utatokeza. Mwingine, mpana, unaanzia kisogoni, unatandaa mabegani na kuteremka hadi chini ya katikati ya mgongo. Hiyo ni misuli ya nguvu, na makosa ya mbebaji mgeni ni kuitegemea. Huikaza yote kwa pamoja, shingo ikawa gogo, mabega yakapanda masikioni. Gogo halisamehe: kila kisigino kinapogonga chini, mshindo unapanda moja kwa moja hadi kwenye ndoo, na baada ya nyumba tano blauzi imelowa.

Mjuzi anaendesha mambo kwa misuli ambayo hakuna anayeiona. Ndani kabisa, chini ya mfupa wa kisogo, mna jozi nne za misuli midogo na mifupi inayounganisha fuvu na pingili mbili za juu. Kwa nguvu haina la kujivunia. Sifa yake ni kuhisi. Imejaa vihisio vinavyopima mvutiko, vingi kwa kila gramu ya nyama kuliko karibu misuli yote ya mwili, nayo huupasha ubongo habari za kila mwinamo wa kichwa, hata ule ambao jicho la mtazamaji haliwezi kuuona. Ndani ya mfupa wa sikio, ambao ni mgumu kuliko sehemu nyingine zote za fuvu, mna vifereji vitatu vyenye majimaji vya kupimia mzunguko, na vijiwe vidogo sana vya kupimia mlalo na mwendo. Habari za sikio na habari za misuli hukutana, shingo ikajibu kabla mwenye shingo hajajua kwamba aliyumba.

Ndiyo maana utulivu ule hauniingii akilini kama utulivu. Ukitazama ndoo kwa mbali, inaelea juu ya ua wa makuti kana kwamba haina mtu chini yake. Ukimtazama mwenye ndoo kwa karibu, hasa akiwa amekupa kisogo, utaona ngozi ya ukosi ikichezacheza. Anarekebisha. Anarekebisha tena. Kazi hiyo haina mwisho mpaka ndoo itue, na yote iko ndani ya nafasi ndogo isiyozidi kiganja. Chini zaidi nyonga zinazunguka na kiuno kinapokea, magoti hayanyooki mpaka mwisho, ili kupanda na kushuka kwa mwili kumalizikie njiani kusifike kichwani. Watu huita hayo maringo. Hata yakiwa maringo, maji yamefika yote.

Adabu za Pwani zinampa mbebaji mtihani wake. Mtoto anapita, anaamkia, "Shikamoo mama." Asiye na mzigo angeinamisha kichwa kidogo pamoja na jibu. Mwenye ndoo hawezi, kile kiungo cha kukubali amekifunga. Anasema "marahaba" kwa sauti iliyojaa zaidi ya kawaida, na macho yanashuka kumtazama mtoto huku uso umebaki ulipo. Akiitwa kutoka nyuma, hageuzi shingo. Anageuza miguu, na mwili wote unazunguka. Mboni hutangulia hadi pembeni kabisa mwa jicho, na zikishindwa kufika ndipo bega linafuata. Akitaka kukataa, hatikisi kichwa. Anasonya.

Kilichobaki huru ni taya. Ndilo mfupa pekee wa uso unaotembea, nalo limening'inia chini ya fuvu kwa viungo viwili vilivyo mbele tu ya masikio. Weka kidole hapo ufungue kinywa taratibu: kwanza mfupa unajikunja, kisha unateleza mbele. Ni vyepesi na vya haraka viungo hivi, na kwa kuwa taya linaning'inia tu, kilicho juu ya fuvu hakisumbuliwi nalo. Kwa sababu hiyo muuza samaki anayepanda kutoka ferini anaweza kunadi changu na vibua vyake mtaa mzima, akataja bei, akapunguza, akagomba na aliyetaka kupunguziwa zaidi, na beseni lisiwe na habari. Tabasamu nalo ni salama. Misuli ya uso imeshikwa na ngozi, haivuti kiungo chochote cha shingo. Ule wa tabasamu unatoka kitefuteni na kuishia kwenye pembe ya mdomo. Hatari ni kicheko. Kicheko cha kweli huanzia kifuani, kifua kikatikisa mabega, na nimeshaona mikono miwili ikipaa ghafla kuokoa beseni kwa ajili ya mzaha wa fundi cherehani aliyekaa barazani.

Kila mzigo una tabia yake. Maji ni mabaya kuliko mawe, kwa kuwa yana mwendo wao wenyewe na huendelea kwenda mtu akisimama. Wanaojua huweka bakuli la plastiki juu ya maji, au tawi lenye majani, wimbi likavunjika kabla halijakua. Mganda mrefu wa kuni unapishana vibaya na watu vichochoroni, lakini ncha zake za mbali zina faida: huchelewa kuyumba, na shingo inapata muda wa kujibu. Muhogo mbichi ndani ya tenga ni mzito, ila umetulia. Samaki huvuja, na maji ya chumvi yakishatiririka hadi kwenye nyusi hakuna mkono wa kuyafuta, hivyo beseni hutandikwa mfuko wa plastiki kwanza.

Mwaka 1986 jarida la Nature lilichapisha matokeo yaliyowashangaza wataalamu wa mwendo wa binadamu. Geoffrey Maloiy wa Nairobi na wenzake waliwapima wanawake wa Kijaluo, wanaobeba utosini, na wa Kikikuyu, wanaobeba mgongoni kwa ukanda uliopita kipajini, wakitembea juu ya mashine huku oksijeni wanayotumia ikihesabiwa. Mzigo uliofikia asilimia 20 ya uzito wa mwili haukuongeza matumizi yao hata kidogo. Askari wenye shanta mgongoni hulipia kila kilo. Mwaka 1995 Norman Heglund na wenzake wakaja na maelezo: mtu akitembea, mwili hupanda na kushuka, nguvu ya mwendo ikigeuka kuwa ya kimo na kurudi tena, na katika kugeuka huko nyingine hupotea. Wanawake waliozoea kubeba, walipotwikwa, walipoteza nguvu chache kuliko walipokuwa mikono mitupu. Baadaye, mwaka 2010, waliowapima wanawake wa Kixhosa huko Afrika Kusini hawakuiona nafuu hiyo kwa kila mtu. Baadhi walibeba kwa gharama ndogo, wengine kwa kubwa, na shingo ndiyo iliyolalamikiwa zaidi. Wapo walioona kwamba matokeo hayo yamevunja yale ya mwanzo. Mimi sioni hivyo. Ukiwapima mafundi seremala wote wa Mtwara kwa kiti kimoja kimoja, nako utakuta wapo na wapo. Tena asilimia 20 ya mwanamke wa kilo 60 ni kilo 12, na ndoo ya Chikongola imeshapita hapo kabla hajatoka bombani.

Wanaume hubeba kwingine. Msimu wa korosho makuli hupandisha magunia malorini yakiwa yamelazwa ukosini na begani, kichwa kimeinamishwa mbele, mguu unakimbilia ubao. Uzito unaingilia kwenye pingili ya saba na mabega, na ile shingo ya juu yenye pete na kigingi inaepushwa. Ni ufundi pia, wa nguvu nyingi na safari fupi, na sitaki kuudharau, ila hauna ule ubishi mdogo usiokoma ninaousimulia.

Yuko mwanaume mmoja tu ambaye shingo yake naiweka safu moja na ya mama wa ndoo, naye ni mchezaji wa lipiko. Kinyago hiki cha Wamakonde, ambacho ng'ambo ya Ruvuma ndiko kilikoshamiri zaidi, hakifuniki uso tu. Ni kichwa kizima cha mti kinachovaliwa juu ya kichwa, kimeinuliwa nyuma, na mchezaji anatazama kupitia kinywa chake. Mchongaji hachukui mpingo. Mpingo ni mti unaozama majini, na kichwa cha mpingo kingemvunja mtu shingo kabla ngoma haijakolea. Anachukua mti mwepesi, anakomba ndani mpaka kuta zibaki nyembamba, kisha anarudi usoni kwa subira: mfupa wa shavu, shimo la panja, mkunjo unaotoka puani hadi pembe ya mdomo. Nembo za usoni huzinyanyua kwa nta, nywele za mtu akazipanda utosini, na sura ya mwanamke wa zamani akaipa ndonya mdomoni. Halafu kichwa hicho hukabidhiwa mchezaji, naye anakikata kulia na kushoto kwa mikato mikali ya ghafla, akakisimamisha katikati ya mkato, na hakichomoki. Mama wa ndoo anautia mwendo wote ndani. Huyu anautoa wote nje. Viungo ni vilevile viwili.

Wanagenzi huanza mapema. Mtoto wa kike wa miaka mitano humfuata mama yake na kopo au kidumu kidogo, mwanzoni kwa mikono miwili, baadaye mmoja, na siku moja bila mkono, na siku hiyo mtaa mzima unaambiwa. Wavulana nao hubeba, mpaka umri fulani. Halafu haya inawashika, wakahamia kwenye baiskeli. Somo lenyewe halina maneno mengi. "Tazama mbele" ndilo linalosikika zaidi, nalo ni somo la mifupa ingawa hakuna anayeliita hivyo: mtoto akitazama vidole vyake vya miguu, kile kiungo cha kwanza kinakunja, na kopo limeshakwenda. Lililobaki shingo inajifundisha. Kumwagika ndiko mwalimu, na Chikongola hakuna anayemchapa mtoto kwa lita moja iliyomwagika ikiwa aliikosa kwa kujaribu kuachia mkono.

Haya yote siyasemi ili mtu abebe zaidi. Picha za eksirei zilizopigwa Ghana miaka ya 1990 zilionyesha pingili za shingo za wabebaji zikiwa zimechakaa kuliko za wasiobeba. Visahani vya gegedu hupungua unene, kingo za mifupa zikaota vichomozo, na vichomozo vikibana neva, ganzi inashuka mkononi hadi vidoleni. Bibi wengi wa hapa wanaijua ganzi hiyo, wakaipa majina ya baridi na upepo. Bomba likiingia uani, ndoo itatoka kwenye bomba hadi kwenye jiko, na shingo za wajukuu zitakuwa za kawaida, zisizo na elimu ya ziada. Bajaji tayari zinapakia mabeseni ya samaki. Nami sina machozi ya kumwaga juu ya hilo. Ninachotaka ni kwamba jambo hili lisiondoke likiwa limeitwa nguvu tu, au subira tu, wakati lilikuwa ujuzi.

Imebaki sehemu ambayo wapiga picha hawaingojei, na ndiyo ngumu kuliko zote. Mzigo ukipanda, misuli hujifupisha inapofanya kazi. Ukishuka, inafanya kazi huku inarefuka, na msuli unaorefuka chini ya uzito ndio unaouma kesho yake. Kwa hiyo anayetua peke yake hana budi kuupitia ule mpango wa mwanzo kinyumenyume, na hapa uchovu umeshaingia. Magoti yanakunjwa kwanza, mgongo ukiwa wima. Mikono inapanda na kushika ukingo. Kwa kitambo kifupi ndoo haiko kichwani wala mikononi, ipo kotekote, na hapo ndipo shingo nyingi zinapoteguka, mbele ya mlango wa nyumba yenyewe. Mwenye busara hajaribu. "Nitue," anasema, na yeyote aliye karibu anakuja.

Muuza samaki akishatuliwa beseni kivulini, hukipeleka kichwa bega la kulia, bega la kushoto, kisha nyuma kabisa mpaka kitu kilie ndani ya shingo. Ngata inafumuliwa, inakung'utwa, inafungwa kiunoni, imekuwa khanga tena. Mteja wa kwanza ameshachuchumaa anabonyeza tumbo la changu, anafunua shavu lake kutazama wekundu. Anataja bei yake. Haitoshi hata kidogo, na mama wa watu anaikataa bila kufungua kinywa, kwa kichwa, kulia mpaka mwisho, na kushoto mpaka mwisho.